Usukani Ulioacha Kucheza

Ukitaka kugombana na dereva wa gari la chanjo, mwambie gari lake ni kuukuu. Ukitaka kugombana naye siku nzima, ahirisha kitu chochote mbele yake. Alikuwa mama wa miaka hamsini na minne, mfupi, mwenye vidole vya kulegeza nati bila spana, na pale kituo cha afya kila mtu, kuanzia daktari mkuu hadi wagonjwa wa kudumu, alimwita Mama Kinga. Jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Ukikohoa mara moja, alikukumbusha kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kifungo cha shati lako kikilegea, alikwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, na sindano alikuwa nayo mfukoni. Mume wake, fundi cherehani mpole, alibadilishiwa kandambili kabla hazijakatika, na alishaacha kuuliza zile za zamani zimeenda wapi.

Gari lenyewe aliliita Bi Mkubwa. Lilikuwa gari la kupandia milima, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, jeupe siku za kiangazi na la rangi ya udongo siku za mvua, na mita yake ilikuwa imeshapita kilomita laki tano na elfu kumi na moja. Miaka kumi na tisa Mama Kinga alikuwa akipandisha nalo chanjo vijiji vya mlimani, mara tatu kwa wiki, pembeni yake nesi wa chanjo amekumbatia kisanduku cha barafu. Na injini ilikuwa nzima. Ng'ombe hazeeki maini. Oili ilibadilishwa kila kilomita elfu tano, si elfu tano na mia. Jumatatu alitoa maji kwenye filta ya dizeli, Jumatano alipuliza filta ya hewa, Jumamosi alijilaza chini na bomba la grisi akalisha kila kiungo alichokijua, mpaka nesi akasema gari lile linakula vizuri kuliko watumishi.

Sasa mbona gari lilikuwa bovu? Usimlaumu Mama Kinga, laumu ofisi kuu. Oili na filta walitoa bila kinyongo, kwa sababu ni vitu vya kutia sahihi ukarudi kwenye chai yako. Lakini alipoomba bushi, ile mipira inayokaa katikati ya vyuma, boljointi za kushikilia magurudumu, shokapu, beringi za magurudumu na boksi la usukani, jibu lilikuwa lilelile mwaka hadi mwaka: spea zimeagizwa. Mwaka wa kwanza aliamini. Mwaka wa tano alianza kucheka. Huku nyuma mipira ilikuwa inaliwa, vyuma vinasagana, na usukani ukaanza kucheza, maana yake unauzungusha robo nzima kabla magurudumu hayajapata habari.

Hapo akafanya lile ambalo madereva wa magari machakavu hulifanya bila kujua. Kila kilicholegea kwenye gari, alikikaza mwilini mwake. Gari lilivuta kulia, basi mikono yake ikajifunza kukata kushoto kidogo wakati wote ili waende sawa. Breki zilitaka kukanyagwa mara tatu: ya kwanza ya kuziamsha, ya pili ya kuzibembeleza, ya tatu ndiyo ya kusimama. Gia ya pili iliingia kwa kusukumwa na mkono mzima mpaka ngumi ifike gotini kwa abiria, na nesi, baada ya miezi miwili ya michubuko, alizoea kukunja goti mwenyewe akisikia injini inaomba gia. Kwenye kona wote wawili waliinama upande wa mlima kwa pamoja, kwa kuwa shokapu zilishakata tamaa. Mlango wa dereva ulivutwa kwa mikono miwili, mguu mmoja umekanyaga bodi. Dereva mmoja wa zamu aliletwa siku Mama Kinga alipoumwa jino. Aliliingiza gari mtaroni kabla hajafika getini, akashuka, akaweka ufunguo mezani kwa daktari, na hakuonekana tena.

Kisa hicho Mama Kinga alimsimulia kila mgeni. Alikuwa akimalizia kwa kusema Bi Mkubwa hataki mkono wa mtu mwingine, kisha anacheka peke yake kwa raha zake.

Basi barua ikaja. Daktari mkuu alimwita ofisini akamsomea kwa sauti ya msibani: magari yote yaliyopita kilomita laki tano yataondolewa kazini na kuuzwa chakavu, isipokuwa lile ambalo mkaguzi ataliona linafaa. Mkaguzi angefika baada ya siku nane. Gari likikataliwa, chanjo zitapanda mlimani kwa pikipiki, na dereva atapewa kazi nyingine palepale kituoni, yaani kulinda geti.

Mama Kinga aliogopa, na hakuficha. Alimwambia daktari kwamba geti lile anaweza kulifungua kwa kidole kimoja, lakini kuwafungulia wengine waende mlimani yeye akabaki, hilo litamuua kabla ya mwaka. Daktari alimsogezea kiti. Hakukaa.

Ofisi zina mizaha yake. Siku ya pili baada ya barua, lori la ofisi kuu likaingia na kushusha makasha manne yenye vumbi. Spea. Bushi, boljointi, shokapu, beringi, breki, kila kitu alichowahi kuomba, na karatasi ya juu ilikuwa na sahihi yake mwenyewe ya miaka saba iliyopita. Ofisi ileile iliyotaka kulizika gari ilikuwa imelipelekea dawa. Mama Kinga akacheka mpaka akakaa chini kwenye kasha, nesi akamletea maji, naye nesi akaanza kucheka, maji yakamwagika.

Fundi aliyemwita ana gereji nyuma ya soko na watu humwita Fundi Taratibu, kwa kuwa hata mvua ikimkuta njiani hakimbii. Ni fundi mzuri kupita kiasi, ila ana mwiko mmoja. Gari likishafungwa spea mpya haliguswi mpaka lilale. Anasema vyuma vigeni lazima vilale nyumba moja vizoeane kwanza. Mafundi wengine humcheka, lakini Mama Kinga anapenda mtu mwenye masharti, akakubali sharti hilo kabla hata ya kupiga jeki.

Siku tano walizofanya kazi pale nyuma ya stoo ya dawa zilikuwa sikukuu. Bushi ya kwanza ilitoka imebaki nyembamba kama kile kipande cha sabuni cha mwisho. Beringi ya gurudumu la mbele ikizungushwa ilitoa sauti ya mchanga. Shokapu ukiibonyeza ilikwenda chini ikabaki hukohuko. Boljointi ya kulia Fundi Taratibu aliitoa kwa vidole tu, bila nyundo, na mtu huyo asiyeshtuka akakaa chini, akaifuta mikono, akamwuliza Mama Kinga kwa heshima zote alikuwa anateremka mlima kwa dua gani. Mama Kinga alicheka akamwambia ni dua ya kupumua taratibu. Kila kilichotoka alikishukuru kwa kazi yake, akakitumbukiza kwenye ndoo. Mchana alimpigia simu mumewe kumweleza bushi mpya inavyokaa, na yule bwana, ambaye hajui bushi ni nini, akampa hongera kama aliyesikia mjukuu kazaliwa.

Wakabadilisha na mipira ya breki ambayo ilikuwa bado haijapasuka, kwa sababu ukishafungua huku huwezi kumwacha mgonjwa nusu. Wakabadilisha krosi za propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini magurudumuni. Wakafunga boksi jipya la usukani, wakatia kitasa kipya mlangoni na kupaka bawaba zake grisi. Siku ya saba baada ya barua, saa kumi jioni, gari likashushwa kwenye jeki, limesimama wima kwa mara ya kwanza baada ya miaka, hata nesi akasema limerefuka. Mama Kinga alitaka kulizungusha uwanjani mara moja tu. Fundi Taratibu akachomoa ufunguo akautia mfukoni.

"Lilale," alisema.

Basi likalala. Saa mbili asubuhi, ufunguo ndiyo kwanza umerudishwa, mkaguzi akawa ameshafika.

Alikuwa bwana mrefu, suruali imepigwa pasi, kalamu sikioni, faili kwapani, na mdomo wa kutoa maneno kwa kipimo. Watumishi walijipanga barazani pamoja na wagonjwa wenye nafuu. Mkaguzi alijilaza uvunguni na tochi. Akatikisa magurudumu, hayakucheza. Akashika vyuma vya usukani akavivuta, vikakaa kimya. Akasikiliza injini, akachungulia oili, akainusa. Akarudi kwenye dashibodi kusoma mita mara ya pili, akauliza kama kweli hizi ni laki tano. Mama Kinga alijibu ndiyo, moyoni anaruka kamba.

"Sasa tuliendeshe," mkaguzi akasema. "Twende mpaka mlimani turudi."

Kipya kinyemi ingawa ni kidonda, wahenga walisema, na kidonda hiki kilianzia mlangoni. Mama Kinga alikanyaga bodi kwa mguu mmoja, akashika mlango kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu za miaka kumi na tisa. Mlango ukafunguka kwa utii. Yeye akaenda kukaa kwenye bustani ya maua. Baraza zima likatazama pembeni kwa adabu, isipokuwa mzee mmoja wa wodi ya wanaume aliyecheka kwa sauti.

Alipanda, mkaguzi pembeni yake, akawasha, akaondoka. Mikono yake, bila kumwuliza, ikakata kushoto kama kawaida. Na Bi Mkubwa, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa anasikia anachoambiwa, akaenda kushoto. Wakaacha njia, wakapita kwenye kamba za kuanikia, na shuka la wodi ya wazazi likatanda kwenye kioo chote cha mbele. Mama Kinga akakanyaga breki ile ya kwanza, ya kuamsha. Gari likasimama palepale. Faili la mkaguzi likaruka mpaka kwenye dashibodi, kalamu ikapotea na haijaonekana mpaka leo. Mguu wa Mama Kinga ukaendelea kubembeleza mara ya pili na ya tatu, gari limeshasimama zamani.

Aliomba radhi, wakatoa shuka, wakaendelea. Ikafika zamu ya gia ya pili. Gia ikaingia kwa wepesi wa kisu kwenye siagi, ila ngumi iliendelea na safari yake mpaka gotini kwa mkaguzi, ambaye hakuna aliyemfundisha kukunja goti. Mlinzi aliwafungulia mabawa yote mawili ya geti na kwenda kusimama mbali. Barabarani walikwenda upogo, mara huku mara kule, kwa maana kila alipojikumbusha kutokata kushoto alizidisha kulia. Kwenye kona ya kwanza mwili wake ukainama upande wa mlima kwa nguvu zote, kichwa kikatua begani kwa mkaguzi.

"Mama, unalala?" mkaguzi akauliza.

Hawakufika mlimani. Waligeuza pale kwenye kona na kurudi kwa gia ya kwanza.

Mkaguzi aliposhuka, kibanio cha nguo kilikuwa kwenye kola yake. Alikitoa, akakitazama, akakiweka juu ya boneti. Akasema polepole, ili daktari mkuu naye asikie, kwamba hajawahi kuona gari la laki tano lenye afya kama ile na kwamba amelipitisha bila shaka yoyote. "Ambaye siwezi kumpitisha," akasema, "ni dereva." Ofisi kuu ina vijana wenye leseni wasio na kazi, akaongeza, na gari zuri kama hili yeyote ataliendesha.

Neno hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Mama Kinga alisimama pale na majani ya bustani kwenye sketi yake, na akaelewa. Miaka yote hakuna aliyemnyang'anya Bi Mkubwa kwa kuwa hakuna aliyeweza kumvumilia. Ubovu wa gari ndio uliokuwa unamlindia kazi, na ubovu huo ameutoa kwa mikono yake mwenyewe, akiimba. Akaliona geti. Akajiona amesimama pembeni yake, kijana wa ofisi kuu anapiga honi afunguliwe.

Ni Fundi Taratibu aliyemwokoa, na kama kawaida yake hakuwa na haraka. Alikuwa amekuja kuchukua spana zake. Akaibeba ile ndoo ya vyuma vya zamani mpaka mbele ya mkaguzi, akaitua.

"Mzee, mazoea yana tabu," alisema. "Huyu mama leo ameendesha gari la jana. Lile gari limo humu kwenye ndoo. Hebu shika hii."

Mkaguzi akashika boljointi ya kulia. Akaitikisa, ikalia kama njuga. Akachukua bushi, akaikunja, ikamegekea kiganjani. Akainua kipande cha breki ambacho kilikuwa chuma kitupu. Akamgeukia Mama Kinga.

"Umepanda mlima na vitu hivi?"

"Mara tatu kwa wiki."

"Na hujawahi kuanguka?"

Nesi akadakia kutoka barazani kwamba hata kile kisanduku cha barafu hakijawahi kumwagika. Mkaguzi akarudisha boljointi kwenye ndoo taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka. Akauliza, kwa sauti ya chini kuliko ya mwanzo, sasa Mama anataka afanyiwe nini.

Ingekuwa mtu mwingine angeanza kujitetea kwa miaka na vyeti. Mama Kinga alikwenda kwenye kasha tupu la spea, akararua upande mmoja wa boksi, akaomba kalamu nyekundu ya nesi, akaandika L kubwa, ile ya wanaojifunza. Akaomba na bendeji, akaifunga mbele ya gari kwa fundo la hospitali.

"Nifundishe, Mkaguzi," alisema. "Saa moja tu. Mimi gari hili silijui."

Hapo mkaguzi akacheka. Alicheka vibaya, kwa kukwama kwama, kicheko cha mtu aliyekuwa hajakitumia siku nyingi, mpaka akashika boneti. Kisha akapanda, akakunja goti kabla ya kufunga mlango.

Saa ile moja uwanjani ingestahili kiingilio. Mkaguzi alimwambia usukani asiukamate, auguse tu, kama anavyogusa paji la mtoto mwenye homa. Mama Kinga akawa anaisema mikono yake kwa sauti: tulia wewe, na wewe tulia, hakuna anayekuvuta. Zamu ya kwanza walimaliza kamba iliyobaki ya kuanikia. Zamu ya tatu walikosa mti kwa adabu. Wagonjwa walikuwa wanahesabu kwa pamoja kila alipokanyaga breki, na alipokanyaga mara moja tu gari likasimama na mguu ukatulia, yule mzee wa wodi ya wanaume alipiga makofi na mkono wenye dripu. Zamu ya nane Bi Mkubwa alipita katikati ya mistari miwili ya mawe, ameelekea mbele, bila kugusa hata jiwe moja.

Mkaguzi aliazima kalamu akaandika kwamba gari linabaki, na dereva anabaki nalo, ila kwa wiki tatu lazima ile L iwe mbele, na nesi asimamie. Baada ya hapo atakuja tena mwenyewe, na safari hiyo wafike mlimani.

Keshokutwa yake walipanda na chanjo. Wenye maduka ya chini ya mlima walitoka nje kuona L imefungwa kwa bendeji kwenye gari la Mama Kinga, wakacheka, yeye akawapungia. Injini ilipoomba gia ya pili nesi alikunja goti, ngumi haikuja, wakatazamana, wakaangua kicheko. Kona ya kwanza nesi aliinama upande wa mlima peke yake. Mama Kinga alikaa wima, vidole vyake vimelala tu juu ya usukani, gari linakwenda linakoambiwa. Mabega yake yalikosa la kufanya. Macho nayo yakakosa la kufanya, na alipofika kona ya nne akayaacha yatazame upande wa bonde.

Akakanyaga breki, mara moja.

Ng'ambo ya bonde maji yalikuwa yanaanguka kutoka juu ya mwamba mrefu, meupe, mengi, yanavunjikia chini kwenye miti na kutoa moshi. Sauti yake ilifika mpaka kwenye kioo. Mama Kinga aliyatazama mdomo wazi.

"Mwanangu," akasema, "haya yamewekwa lini?"

Nesi alidhani anataniwa. "Mama, haya yapo siku zote. Mimi huyaangalia kila safari. Nilidhani wewe huyapendi."

Mama Kinga akacheka, akacheka sana, kisha akajikuta anafuta machozi kwa kiganja chenye grisi. Miaka kumi na tisa, mara tatu kwa wiki, kupanda na kushuka. Walishuka wakasimama ukingoni bega kwa bega, kisanduku cha barafu wamekiacha kivulini ndani ya gari, mpaka mtu wa baiskeli akapita na kuwauliza kama wameharibikiwa. Mama Kinga alimjibu kwamba hapana, wanajifunza.

Walipopanda tena alimwuliza nesi huko mbele kuna nini kingine. Nesi akafikiri kidogo, akasema ukimaliza daraja kuna ziwa dogo upande wa kulia, na siku zisizo na ukungu unaona mpaka mji wa pili. Mama Kinga akatia gia kwa vidole viwili, wakaenda kuliona ziwa.